Bi Palmira Hataki Kulia Tena

Corrado Pescarmona alikuwa amechoka hata kabla taa za ukumbi hazijawashwa. Alijua kitakachofuata. Filamu ingekwisha, watu wangepiga makofi, kisha mtu mmoja angeomba maikrofoni na kuuliza juu ya yule mwanamke anayelia uani.

Jioni ile, mjini Bologna, aliyeuliza alikuwa msichana mwenye nywele fupi na daftari mapajani.

"Ulijisikiaje kumpiga picha mtu analia namna ile?"

"Nilikuwa naangalia mwanga usinipotee," Corrado akajibu.

Watu wakacheka, wakidhani anatania. Hakuwa anatania. Alitaka kwenda hotelini avue viatu.

Filamu ile aliipiga akiwa kijana wa miaka thelathini na ushee, na tangu hapo ilikuwa ikimburuta kila mahali. Alikuwa ametengeneza nyingine nyingi. Kulikuwa na ya wakulima waliohama vilima vya Langhe wakaacha milango wazi, na ya wanawake washonaji wa Prato, na ya mji mmoja wa Irpinia uliolala chini baada ya tetemeko. Baadhi, kwa maoni yake, zilikuwa nzuri kuliko ile. Hakuna aliyeziulizia. Walichotaka ni kiwanda cha Rocca San Biagio, kando ya mto Po, kiwanda cha saruji na asbesto kilichoezeka nusu ya Italia na kuwazika wafanyakazi wake mmoja mmoja.

Na ndani ya filamu hiyo walimtaka Palmira Rolandone. Mumewe Evasio alikuwa ghorofani anakohoa, mapafu yamekwisha. Yeye alikuwa uani anakung'uta ovaroli la kazi la mumewe, vumbi jeupe linapaa kwenye jua. Ghafla akaliacha lianguke, akakaa juu ya karai lililopinduliwa, akalia. Corrado hakukata. Alimwacha alie mpaka akamaliza mwenyewe, na kikohozi cha juu kikiendelea kusikika. Kwa ajili ya kipande hicho alipewa tuzo Venezia, akapewa nyingine Paris, na miaka mingi baadaye mahakimu wa Torino waliketi gizani wakakitazama.

Wakubwa wa kiwanda walipatikana na hatia. Watu wa Rocca walikumbatiana barabarani. Kisha kesi ikapanda Roma, na huko wakasema muda wa kisheria wa kuwashtaki umepita, basi, kila mtu aende kwao. Corrado alikuwepo siku hiyo pia na kamera. Aliporudi Torino alijaribu kuzihariri zile picha, akashindwa. Kila alipokaa mezani usingizi ulimshika, hata asubuhi. Akaziweka kabatini. Tangu siku ile hakupiga filamu nyingine. Alifundisha kidogo, alialikwa huku na huko, alijibu swali lilelile. Mkewe Donatella alishakwenda zamani, kahamia Genova kwa daktari wa meno, kamwachia nyumba na paka. Paka naye alishakufa.

Asubuhi ya pili yake, akiwa kwenye stesheni ya Bologna, simu ikalia. Alikuwa Luisella, binti wa Palmira, mpishi wa shule pale Rocca.

"Corrado, mama anakutaka."

"Anaumwa?"

"Ndiyo."

"Anaumwa nini?"

"Ule ule wa baba."

Hakuhitaji kueleza. Wanawake waliofua ovaroli zile walikuwa wakianza kuondoka kwa ugonjwa wa waume zao, miaka na miaka baada ya kuwazika. Corrado alishakwenda mazishi mengi Rocca mpaka padri alikuwa akimsalimu kwa jina. Alisimama pale akiwa ameshika simu, na jambo la kwanza lililomjia, lililomtia aibu, ni kwamba hana nguvu. Hana nguvu za mgonjwa mwingine.

Lakini alikwenda.

Palmira alikuwa jikoni, amejifunga shali, mwembamba kuliko alivyomkumbuka, nywele kazitengeneza vizuri kama mtu anayesubiri mgeni wa heshima. Alimtazama kutoka juu mpaka chini.

"Umezeeka, we mtoto wa Torino. Umekuwa kama soksi iliyosahauliwa kwenye kamba."

"Na wewe je, Bi Palmira? Hujambo?"

"Mimi nakufa. Kaa, unywe kahawa."

Luisella, aliyekuwa akisafisha sufuria, akageuza uso. Corrado akakaa. Kahawa ilikuwa chungu na ya moto, kama siku zote katika nyumba ile.

"Nilikwenda hospitali kule Alessandria," Palmira akaanza. "Akaja kijana, daktari, mzuri wa sura, ningekuwa na miaka sitini pungufu ningempatia Luisella baba mwingine. Ananitazama, anatazama karatasi, ananitazama tena. Anasema, 'Mungu wangu, wewe ndiye yule mama anayelia!' Akanishika mkono. Macho yamemlowa. Mimi bado sijasikia nimepatwa na nini, yeye ameshaanza kunililia!"

"Alikuona kwenye filamu."

"Kila mtu ameniona kwenye filamu! Nilipokwenda Torino kwa dada yangu, mwuza samaki aliniona kwenye filamu. Nimelia robo saa, Corrado. Robo saa. Na hiyo ndiyo uliyowaonyesha dunia nzima."

"Si robo saa tu. Ulilia mahakamani pia."

"Mahakamani nilikuwa na mafua!"

Luisella akaguna. Corrado akaweka kikombe chini. Alijisikia kuchokozwa, na hakuwa amejisikia hivyo siku nyingi.

"Bi Palmira, bila machozi yale hakuna hakimu ambaye angegeuza shingo. Watu walikuwa na takwimu za wagonjwa tangu zamani, hakuna aliyejali. Walipokuona wewe ndipo wakajali."

"Kwani nimekukatalia? Siku ile nilikuona umesimama mlangoni na mashine yako. Ningeweza kukutupia karai. Sikukutupia, nilijua inafaa. Nikakuazima uso wangu." Akavuta pumzi, ikamchukua muda. "Sasa naudai. Nataka unipige nyingine. Nimecheka zaidi kuliko nilivyolia, nani anajua hilo? Hawa wanaonijua wanakufa. Nikiondoka, atabaki yule wa kwenye karai peke yake."

"Mimi nimeacha kazi, Bi Palmira. Mgongo hauwezi. Amedeo aliyekuwa ananishikia sauti ameshafariki."

"Luisella ana mikono miwili."

"Mama!" Luisella akasema.

"Televisheni haitainunua," Corrado akasema.

"Nani kakuambia naiuza?"

Corrado alitaka kusema jambo jingine, kwamba hakuwa na uhakika kama bado anajua kazi hiyo, kwamba ndani yake kulikuwa kumekauka. Alimtazama yule mwanamke aliyekuwa akihema kwa sababu ya maneno machache, akaona haya kumlalamikia habari za uchovu.

"Nitarudi wiki ijayo," akasema.

"Njoo Alhamisi. Alhamisi tunacheza karata."

Akaja Alhamisi. Luisella alifundishwa kushika maikrofoni, na baada ya dakika chache mikono ikamchoka, akaifunga maikrofoni kwenye mwiko mrefu wa kusongea polenta, ugali wa mahindi wa kwao, na ikakaa sawasawa. Mwenzake Palmira katika karata alikuwa Secondina, mjane wa jirani, mfupi, mnene, sauti yake ingeweza kusimamisha treni. Wawili hao walikuwa wakicheza scopa tangu wako wasichana, na tangu wako wasichana Secondina alikuwa akidai anaibiwa.

"Ilikuwa hapa! Saba ya dhahabu ilikuwa hapa mezani!"

"Labda imekwenda kukojoa," Palmira akasema, akijikunyata ndani ya shali.

"Fungua shali."

"Nina baridi. Mimi ni mgonjwa."

"Mwizi mkubwa! Mguu mmoja uko kaburini na bado unaiba!"

"Naiba kwa ule uliobaki."

Corrado, jicho kwenye kamera, aliiona karata. Ncha yake ilichungulia chini ya kiwiko cha Palmira. Na Palmira alijua anaiona. Alimtupia jicho moja tu kupitia lenzi, jicho la mtoto mtukutu, na Corrado akalazimika kuuma mdomo ili kamera isitikisike.

Walikwenda hivyo kiangazi chote hadi majira ya zabibu. Alikuwa akipanda treni ya asubuhi kutoka Torino, mgongo unamuuma, anajilaani njia nzima. Akifika anakuta Palmira ameshapanga siku. Leo atapika agnolotti, tambi zilizojazwa nyama, na kuwatukana wanaonunua za dukani. Leo atapelekwa ukingoni mwa Po aonyeshe mahali Evasio alipomfuata na baiskeli kwa mara ya kwanza, akiwa amejipaka mafuta ya nywele mpaka nzi wanamtelezea, akawa anamtazama yeye badala ya kutazama njia, akaingia mferejini na baiskeli yake.

"Akatoka ana majani kichwani," Palmira alisema, "akanyoosha mkono, akasema hivi, 'Samahani, dada, naitwa Evasio, nimepita tu.'" Alimwiga kwa sauti nzito, yenye kujidai na woga pamoja. "Nimepita tu! Na samaki wa mferejini kamwingia mfukoni!"

Luisella alicheka mpaka ule mwiko ukaingia kwenye picha. Corrado hakuitupa.

Njiani kurudi stesheni siku ile aliwaza kwamba hakuwahi kumjua Evasio. Kwake Evasio alikuwa kikohozi. Alikuwa amekirekodi vizuri, akakipandisha na kukishusha kwenye meza ya uhariri mpaka kikakaa alipokitaka, na miaka yote hiyo hakuwahi kuuliza yule mtu alikuwa na sauti gani alipokuwa mzima.

Palmira alikuwa akipungua. Alhamisi nyingine mchezo ulikatika katikati, wakamlaza. Walikuwa wakimpeleka hospitali kutolewa maji kifuani, akirudi anakuwa mwepesi siku kadhaa, kisha yanajaa tena. Hakuruhusu kamera iende hospitali. "Huko waendeshe filamu yao," alisema.

Siku moja ya Oktoba Luisella alikuwa bado shuleni. Corrado alikuwa ameweka kamera kwenye stendi, anaiacha irekodi huku Palmira ameketi dirishani akimenya pea na kusimulia habari za ngoma za vilimani, jinsi walivyokuwa wakibeba viatu mkononi ili visichafuke kabla ya kucheza. Katikati ya sentensi akanyamaza. Kisu kikamtoka mkononi. Maumivu yalikuwa yamemjia, na safari hii hayakupita haraka. Alishika ukingo wa dirisha, akainama, na machozi yakamtoka bila sauti, kisha na sauti ndogo, kama mtu anayeomba asisikiwe.

Corrado alipaswa kuzima. Alijua. Mkono wake ulikwenda kwenye kamera, na badala ya kuzima ukarekebisha lenzi kidogo, taratibu, kwa ustadi wake wote. Mwanga wa alasiri ulikuwa ukiingia kutoka upande wa mto, umemkalia usoni mwanamke yule kama umetengenezwa kwa ajili yake. Ndipo akaiacha, akaenda kumshika mabega, akampa dawa yake na maji.

Yalipotulia, Palmira alijifuta kwa ncha ya shali.

"Umeichukua?"

"Nimeichukua."

"Nzuri?"

Corrado hakuweza kumdanganya. "Nzuri sana."

"Nilijua. Nilisikia jua limenikaa huku." Akagusa shavu lake. Akatazama pea lililomenywa nusu. "Unajua, sitakwambia uifute. Kaa nayo. Mtu mmoja ajue kwamba ilikuwa inauma. Lakini isitoke kwako, Corrado."

"Haitatoka."

"Basi okota hicho kisu, kabla sijakuchoma nacho mguu."

Alifariki mwezi wa Januari, ukungu umefunga bonde lote la Po, watu mazishini wanaonana viatu tu. Corrado hakubeba kamera. Secondina alitembea nyuma ya jeneza akinung'unika kwamba Palmira ameondoka akiwa anaongoza kwenye karata, hivyo ndivyo alivyokuwa, hakumpa mtu nafasi ya kulipiza.

Ilibaki kazi ya kuhariri. Corrado alijifungia nyumbani kwake Torino, hita inanguruma, anakula supu ya kopo. Alikuwa amechoka mwili mzima, macho yanamwasha, na mara kadhaa aliamka amelalia meza. Lakini hakuwa akilala kama zamani, kwa kukimbia kile alichokiona. Alilala kama fundi aliyefanya kazi. Mara nyingine alicheka peke yake mpaka jirani akagonga ukuta.

Filamu ilipokamilika aliipeleka Roma, kwa watu wa televisheni, si kwa tumaini, ila kwa sababu ndivyo alivyozoea, ukimaliza filamu unaipeleka. Mkuu wa kitengo alikuwa mwanamke kijana, Ginevra Sabatucci, aliyemwita mwalimu na kumletea kahawa kwa mkono wake. Waliitazama pamoja mpaka mwisho. Alicheka mara mbili tatu, kwa kweli kabisa. Kisha akakunja miguu.

"Mwalimu, inapendeza sana. Lakini maumivu yako wapi?"

"Maumivu gani?"

"Yake. Mtazamaji atajuaje kwamba anakufa?"

"Anasema mwenyewe. Mwanzoni kabisa. 'Mimi nakufa, kaa unywe kahawa.' Nilimwomba aliseme tena mbele ya kamera, akalisema vizuri kuliko mara ya kwanza."

"Analisema akicheka. Watu watafikiri ni mzaha." Ginevra akainama mbele, sauti akaishusha, na haikuwa sauti ya mtu mbaya. "Tuna nafasi nzuri, si ile ya usiku wa manane. Tungeziweka pamoja, ile ya zamani na hii. Lakini lazima kuwe na pahala mambo yanavunjika. Umekaa naye miezi yote hiyo. Huna hata picha moja? Hata dakika moja?"

Corrado alitazama viatu vyake. Alikuwa na dakika tatu, nzuri kuliko chochote alichowahi kupiga tangu ile ya uani, labda kuliko hata ile. Zilikuwa kwenye droo, Torino. Angesema ndiyo, watu milioni wangemwona Palmira. Angesema ndiyo, wangeulizana wote siku ya pili, umemwona yule bibi anayelia dirishani? Mfanyakazi mwema ndani yake, yule aliyelishwa na kuvishwa na kazi hii maisha yote, alikuwa tayari amefungua mdomo.

"Sina," akasema.

"Hakika?"

"Alikuwa mtu wa kucheka."

Ginevra alimsindikiza mpaka kwenye lifti. Nje mvua ilikuwa imeanza, na Corrado alisimama chini ya kibanda cha magazeti kwa muda mrefu. Hakujisikia shujaa. Alijisikia kama mtu aliyetoka na mizigo mizito sokoni akakuta hakuna wa kumsaidia kuipandisha ngazi. Akaenda stesheni kwa miguu.

Filamu ilionyeshwa Rocca San Biagio majira ya kuchipua, katika ukumbi wa kanisa, viti vya plastiki, projekta ya kuazimwa. Watu walijaa mpaka ukutani. Dakika za kwanza walikaa wamekunja mikono, walishazoea filamu juu yao wenyewe, walikuja na leso. Kisha ikaja meza ya karata, na ncha ya saba ya dhahabu ikachungulia chini ya kiwiko, kubwa kama mlango.

Secondina akasimama mstari wa mbele, akaelekeza fimbo yake kwenye pazia.

"Mnaona? Mnaona sasa? Miaka yote nilisema! Padri, umeona?"

"Nimeona, Secondina, kaa."

"Sikai! Rudisha nyuma!"

Ukumbi ukalipuka. Watu walicheka wakashikana mabega, watu ambao Corrado alikuwa amewapiga picha wakiwa wamevaa nyeusi tu. Ilibidi kweli filamu irudishwe nyuma, na wakacheka mara ya pili zaidi kuliko ya kwanza. Mwishoni hakuna aliyeuliza swali. Mzee mmoja, aliyewahi kufanya kazi zamu moja na Evasio, alimsogelea Corrado akamshika mkono wa koti.

"Alivyomwiga pale mtoni," akasema, "'nimepita tu'. Ndivyo alivyokuwa anasema. Akichelewa kazini anamwambia msimamizi, nimepita tu." Akatingisha kichwa, akaenda zake.

Televisheni haikuinunua, si ile ya Roma wala nyingine. Ilizunguka katika vyama vya wafanyakazi na maktaba za miji midogo. Waliomwandikia Corrado kumwomba ile ya zamani aliwajibu kwamba sasa zinatoka mbili kwa pamoja, au hazitoki. Wengine walisema hawana muda wa mbili. Wengine walisema sawa.

Usiku ule wa Rocca, viti viliporudishwa stoo, Luisella alimpeleka stesheni kwa gari lake dogo lililonuka vitunguu vya shule. Treni ilikuwa imechelewa. Walikaa ndani ya gari, wipa zinasugua kioo.

"Sasa utafanya nini?" Luisella akauliza.

"Nitalala."

"Na baada ya kulala?"

Corrado akafikiri. Magoti yalimuuma, na kesho yake hapakuwa na mtu yeyote aliyemtaka mahali popote. Alijiuliza kama jambo hilo linamhuzunisha, akaona halimhuzunishi sana.

"Nitaamka, nadhani," akasema.

"Ukiamka piga simu. Usikae kama huna watu."

"Nitapiga."

Taa za treni zikatokea mbali kwenye mvua. Luisella alishuka kumsaidia begi, akalikuta jepesi kuliko alivyotegemea, akamshika kiwiko mpaka kwenye ngazi ya behewa, akangoja mpaka amepata kiti.